Kilimo cha mzabibu nyumbani

Kilimo cha mzabibu nyumbani ni ukuzaji wa mizabibu michache uani, bustanini au kando ya ukuta wa nyumba kwa ajili ya matunda ya familia, kivuli au mauzo madogo. Mzabibu unaopandwa zaidi duniani ni spishi *Vitis vinifera* katika familia Vitaceae. Katika Afrika ya Mashariki unastawi hasa penye jua jingi, hewa kavu na kiangazi kirefu. Eneo linalojulikana zaidi kwa zao hili ni mkoa wa Dodoma nchini Tanzania.

Kuotesha mzabibu si kazi ngumu. Kipande cha tawi kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu huota mizizi baada ya wiki chache. Ugumu ni kuufanya uzae, tena uzae kila mwaka, na matunda yaive kabla ya kuharibiwa na ukungu au ndege. Katika nchi zenye majira ya baridi, baridi yenyewe huupumzisha mmea. Katika nchi za joto mapumziko hayo hutolewa na mkulima kwa kupunguza maji na kupogoa. Matatizo mengi ya mizabibu ya nyumbani hutokana na kutofahamu tofauti hiyo.

## Jina

Neno zabibu limetoka katika Kiarabu, ambapo humaanisha zabibu zilizokaushwa. Zabibu mbichi huitwa kwa neno lingine. Katika Kiswahili neno hilohilo hutumika kwa matunda mabichi na makavu, na anayetaka kutofautisha husema "zabibu kavu". Mmea wenyewe ni mzabibu, na matunda yaliyoshikamana kwenye kikonyo kimoja ni kichala au shada.

## Maumbile ya mmea

Mzabibu ni mmea wa kutambaa wenye shina gumu la mti. Hauwezi kusimama wenyewe, bali hujishikiza kwa vikono vyembamba vinavyojizungusha kwenye chochote kilicho karibu. Ukitunzwa unaweza kuishi miaka mingi kuliko aliyeupanda.

Kila penye jani kuna jicho, yaani chipukizi changa lililofungwa ndani ya magamba madogo. Ndani ya jicho hilo huanza pia vichala vya msimu unaofuata. Kichala na kikono huanza wakiwa viungo vya aina moja. Tawi likipata mwanga na joto la kutosha wakati macho yake yanajengeka, viungo hivyo huelekea kuwa vichala. Likikaa gizani chini ya majani mengi, huelekea kuwa vikono tu. Kwa hiyo mavuno ya msimu mmoja huanza kuamuliwa katika msimu uliotangulia.

Maua ni madogo, ya kijani, na hayavutii macho. Kwa aina nyingi zinazolimwa kila ua lina sehemu za kiume na za kike, hivyo mzabibu mmoja unaweza kuzaa peke yake bila mwenzake.

## Asili na uenezi

Mabaki ya kale zaidi ya divai ya zabibu yanayojulikana yamepatikana Georgia, kusini mwa milima ya Kaukazi, na yana umri wa takriban miaka 8000. Kutoka Mashariki ya Kati kilimo hiki kilienea hadi Misri ya Kale, ambako picha za ukutani makaburini zinaonyesha watu wakichuma zabibu chini ya vichanja. Mzabibu unatajwa mara nyingi katika Biblia na katika Kurani. Katika Injili ya Yohane, sura ya 15, kazi ya kupogoa inatumika kama mfano wa mafundisho.

Kusini mwa Afrika Waholanzi walipanda mizabibu kwenye Rasi ya Tumaini Jema, na divai ya kwanza ilitengenezwa huko mwaka 1659. Katika Dodoma zao hili lilianzishwa na wamisionari Wakatoliki, na misheni ya Bihawana inakumbukwa kati ya mahali pa mwanzo. Leo Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ina kituo Makutupora, karibu na jiji la Dodoma, kinachoshughulikia utafiti wa zabibu. Jina la Makutupora limepewa pia aina ya zabibu nyekundu inayolimwa sana mkoani humo kwa kutengeneza divai.

## Tabianchi

Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye uwanda wa juu wenye kimo cha zaidi ya mita 1000. Mvua hunyesha msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu. Ukavu huo, unaosumbua mazao mengine, ni msaada kwa mzabibu kwa sababu magonjwa yake makubwa huletwa na majani yaliyolowa.

Katika mazingira hayo mzabibu haupukutishi majani yote na kulala kama ulaya. Huendelea kuwa kijani, na kila baada ya kupogolewa huchipua upya. Toka kupogoa hadi kuvuna hupita takriban miezi 4, kutegemea aina. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, wakati nchi za baridi huvuna mara moja.

Kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki mzabibu huota na kutoa kivuli kizuri, lakini unyevu wa hewa huleta ukungu mara kwa mara. Anayetaka matunda huko hulazimika kupanda mahali penye upepo na kupunguza majani zaidi.

## Mahali na udongo

Mzabibu unahitaji jua la moja kwa moja kwa angalau saa 6 hadi 8 kila siku. Chini ya mwembe au upande wa nyumba usiofikiwa na jua utaota, lakini hautazaa vizuri.

Udongo unaofaa ni ule unaopitisha maji haraka: wa kichanga, wa changarawe au tifutifu. Mzabibu huvumilia udongo usio na rutuba nyingi, lakini hauvumilii maji yanayotuama kwenye mizizi. Njia rahisi ya kupima ni kuchimba shimo la kina cha sentimita 50, kulijaza maji, kuyaacha yanywee, kisha kulijaza tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamo kesho yake, mahali hapo hapafai, au pajengwe tuta kwanza.

Mizabibu isipandwe karibu na karo la maji machafu, wala mahali palipolimwa nyanya au bamia zilizoonyesha mizizi yenye vinundu, kwa kuwa minyoo fundo hubaki udongoni.

Asiye na uwanja anaweza kutumia pipa au chombo kingine cha lita 50 au zaidi chenye matundu chini. Mzabibu wa kwenye chombo hubaki mdogo na huhitaji maji mara nyingi zaidi.

## Kupata miche

Mbegu za zabibu huota, lakini mmea unaotokea haufanani na mama yake, na huchelewa kuzaa. Kwa hiyo mizabibu hupandwa kwa vipandikizi:

1. Huchaguliwa mzabibu wenye afya ambao umeonekana ukizaa vizuri. Ugonjwa wa virusi husafiri ndani ya kipandikizi, na hakuna dawa ya kuuondoa shambani.
2. Hukatwa tawi lililokomaa, la rangi ya kahawia, lenye unene wa penseli. Tawi la kijani huoza.
3. Kipande kiwe na urefu wa sentimita 25 hadi 40 na macho 3 au 4. Chini hukatwa kwa mkato wa mlalo chini kidogo ya jicho. Juu hukatwa mshazari, sentimita 2 juu ya jicho. Tofauti hiyo husaidia kutogeuza kipande juu chini.
4. Kipandikizi huchomekwa kwenye mfuko au kitalu chenye udongo laini, macho 2 yakiwa chini ya udongo, na kuwekewa kivuli chepesi.
5. Humwagiliwa kiasi bila kuloweka. Mizizi hutokea kwa wiki 6 hadi 8, na mche huwa tayari kuhamishwa baada ya miezi 3 hadi 6.

Majani kuchomoza hayathibitishi kuwa mizizi imeota, kwani tawi linaweza kuchipua kwa chakula lililokihifadhi ndani yake na kufa baadaye. Kipandikizi kisivutwe ili kuangaliwa.

Pale penye minyoo fundo au wadudu wa mizizi ni bora kutumia miche iliyobebeshwa juu ya shina la aina inayostahimili.

## Kupanda

Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha. Udongo wa juu hutengwa na ule wa chini. Udongo wa juu huchanganywa na debe moja la samadi iliyooza vizuri, kisha hurudishwa shimoni. Samadi mbichi huunguza mizizi na huvuta mchwa. Nafasi kati ya mche na mche iwe mita 2 hadi 3. Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua, lakini penye maji ya uhakika miche hupandwa wakati wowote.

Mche hufungwa kwenye kijiti kwa kamba laini. Chipukizi moja lenye nguvu huachwa lipande juu, na mengine huondolewa.

## Kichanja na umbo la mmea

Nyumbani hutumika namna mbili za kuegemeza mzabibu:

- Kichanja cha kivuli: nguzo zenye kimo cha mita 2 au zaidi, zikiwa na waya au fito juu yake. Mzabibu hupanda nguzoni na kutandaa juu, na vichala huning'inia chini. Hufaa uani na kwenye maegesho.
- Waya za safu: nguzo zilizopangwa mstari, zikiwa na waya 2 au 3 zilizopishana kimo. Waya wa kwanza huwekwa takriban mita 1 kutoka ardhini. Hufaa kando ya uzio, na ni rahisi zaidi kupogoa na kupiga dawa.

Chipukizi likifika kwenye waya wa kwanza au juu ya kichanja, ncha yake hukatwa. Matawi mawili yanayochomoza chini ya ncha huelekezwa kushoto na kulia. Hayo huwa mikono ya kudumu ya mzabibu, na matawi ya kuzaa huota juu yake.

Kazi hii huchukua mwaka wa kwanza wote. Vichala vinavyotokea mapema huondolewa ili nguvu iende kwenye shina na mizizi. Mzabibu uliotunzwa hutoa mavuno ya kwanza ya maana kati ya mwezi wa 18 na mwaka wa pili.

## Kupogoa

Kupogoa ni kukata sehemu kubwa ya matawi ili mmea uchipue upya. Wakulima wapya huogopa kazi hii kwa sababu mmea hubaki kama umeharibiwa: katika kila sehemu 10 za matawi ya msimu uliopita, 8 au 9 huondolewa. Lakini vichala hutokea kwenye machipukizi mapya yanayochomoza katika matawi ya msimu uliopita. Shina la zamani likichipua lenyewe, mara nyingi hutoa majani matupu.

### Hatua za kupogoa

1. Wiki 3 au 4 kabla ya kupogoa, umwagiliaji hupunguzwa au kusimamishwa. Matawi hukomaa na kuwa ya kahawia, na mmea huhifadhi chakula.
2. Matawi yaliyokufa, membamba sana au yenye ugonjwa huondolewa kwanza.
3. Matawi mazuri yaliyo juu ya mikono hukatwa na kubaki vijiti vifupi vyenye macho 2 au 3, vikipishana takriban sentimita 15 hadi 20. Kwa aina ambazo macho yake ya chini hayazai, huachwa tawi refu lenye macho 6 hadi 8, nalo hukunjwa na kufungwa kwenye waya. Kukunja kunasaidia macho ya katikati yachipue, maana tawi lililosimama huchipua nchani tu.
4. Majani yaliyobaki hupukutishwa, hukusanywa pamoja na matawi yaliyokatwa, na kuondolewa shambani.
5. Siku hiyo au kesho yake mmea humwagiliwa maji mengi na kupewa samadi.

Mkasi wa kupogolea uwe mkali, na usafishwe kwa spiriti unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine. Baadhi ya wakulima wakubwa duniani hutumia kemikali ya sianamaidi ili macho yote yachipue pamoja. Ni sumu kali, na haifai kutumika nyumbani.

### Kalenda ya Dodoma

- Aprili–Mei: kupogoa mvua zinapoisha. Machipukizi na maua hukua katika ukavu.
- Agosti–Septemba: mavuno ya kiangazi, ambayo kwa kawaida huwa safi zaidi.
- Septemba–Oktoba: maji kidogo, mmea hupumzika.
- Oktoba–Novemba: kupogoa kwa pili.
- Februari–Machi: mavuno ya masika, yanayohitaji ulinzi zaidi dhidi ya ukungu.

Mwenye mizabibu michache na muda mdogo anaweza kulenga mavuno ya kiangazi peke yake. Hata hivyo hupogoa kidogo mwishoni mwa mwaka, na huondoa sehemu ya vichala vya masika ili mmea usichoke.

### Kupunguza majani na vichala

Baada ya wiki 3 hadi 4 machipukizi yasiyo na vichala hupunguzwa. Punje zikishajitokeza, majani machache yanayofunika vichala upande wa jua la asubuhi huondolewa ili hewa ipite. Upande wa jua kali la mchana majani huachwa, maana punje huungua. Chipukizi moja lisibebe zaidi ya vichala 2, na lililo dhaifu libebe kimoja.

## Maji na mbolea

Mche mchanga humwagiliwa mara 2 au 3 kwa wiki wakati wa jua. Mzabibu mkubwa humwagiliwa mara chache lakini kwa wingi, mfano mara moja kwa wiki, ili mizizi iende chini. Maji humwagwa shinani wala si juu ya majani. Punje zinapoanza kubadilika rangi, maji hupunguzwa kidogo kidogo ili sukari iongezeke.

Matandazo ya nyasi huhifadhi unyevu. Yawekwe umbali wa sentimita 20 kutoka shinani ili mchwa wasipate njia.

Debe moja au mawili ya samadi iliyooza kwa kila mzabibu, kila baada ya kupogoa, hutosha katika bustani nyingi. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, kama vile urea, mmea hukimbilia majani, vivuli huongezeka na matunda hupungua.

## Matatizo ya kawaida

### Mzabibu hauzai

Sababu zinazoonekana mara nyingi ni hizi: mmea bado mchanga, haujapogolewa, umepogolewa vibaya hadi kubaki shina la zamani tu, uko kivulini, umepewa naitrojeni au maji mengi bila kupumzika, au ulitokana na mbegu. Mzabibu wa miaka mingi uliojaa majani pasipo matunda hausababishi kukata tamaa. Hupogolewa kwa nguvu, machipukizi mapya hupangwa yapate mwanga, na matunda hutarajiwa katika msimu unaofuata, kwa kuwa macho yaliyojengeka gizani hayana vichala.

### Ubwiri unga

Ni ugonjwa wa ukungu *Erysiphe necator*. Unga wa kijivu cheupe huonekana juu ya majani, machipukizi na punje. Punje changa zilizoshambuliwa hupasuka. Ukungu huu hauhitaji majani yaliyolowa, hivyo hutokea hata kiangazi, hasa ndani ya kivuli kizito. Ulitambuliwa Uingereza mwaka 1845, na salfa ilionekana mapema kuwa tiba, bado hutumika. Salfa isipigwe joto likizidi nyuzi 30 za sentigredi, maana huunguza majani. Hupigwa asubuhi mapema au jioni.

### Ubwiri vinyoya

Husababishwa na *Plasmopara viticola*. Juu ya jani hutokea madoa ya njano kama tone la mafuta. Chini ya jani, mahali hapohapo, hutokea vinyoya vyeupe. Unahitaji majani yaliyolowa, hivyo ni ugonjwa wa masika. Tofauti na ubwiri unga ni ya lazima kujulikana, kwa kuwa salfa haiuzuii.

Dawa yake ya zamani ni mchanganyiko wa Bordeaux, uliotangazwa na Mfaransa Pierre-Marie-Alexis Millardet mwaka 1885. Kwa lita 10 za maji huwekwa gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa iliyozimwa. Kila kimoja huyeyushwa peke yake katika ndoo ya plastiki, kisha mrututu humiminwa kwenye chokaa huku ukikorogwa. Mchanganyiko hutumika siku hiyohiyo. Huzuia ugonjwa kuingia, lakini hauponyi jani lililokwisha kuugua. Kwa hiyo hupigwa kabla ya mvua kushika. Usipigwe maua yakiwa yamechanua.

### Madoa meusi na kuoza kwa vichala

Madoa ya duara yenye kati ya kijivu na ukingo mweusi, kwenye majani, machipukizi na punje, ni dalili ya chule ya mzabibu. Kichala kinapoiva wakati wa mvua huweza pia kuota ukungu wa kijivu, au kuoza na kunuka siki baada ya punje kupasuka. Kinga ni kuondoa sehemu zilizougua, kupunguza majani, na kutoacha vichala vigandamane.

### Mchwa

Katika maeneo makavu mchwa hula mizizi na maganda ya shina, na mmea mzima hunyauka ghafla. Dalili ni njia za udongo juu ya shina. Kinga ni kutumia samadi iliyooza, kuondoa visiki na mbao zilizozikwa, kumwagilia miche michanga ipasavyo, na kuchimba kichuguu kilicho karibu hadi kumtoa malkia.

### Vidung'ata na sisimizi

Vidung'ata ni wadudu laini wenye unga mweupe kama pamba, wanaofyonza utomvu katika mafundo ya matawi na ndani ya vichala. Hutoa majimaji matamu yanayoota ukungu mweusi. Sisimizi hunywa majimaji hayo na kuwalinda vidung'ata dhidi ya maadui wao. Anayeua vidung'ata bila kuzuia sisimizi huwaona wakirudi. Maganda yaliyolegea huondolewa wakati wa kupogoa, na maji ya sabuni au mafuta ya mwarobaini hupigwa jioni.

### Minyoo fundo na filoksera

Minyoo fundo husababisha vinundu mizizini, na mmea hudumaa hata ukipewa maji na mbolea. Filoksera ni mdudu mdogo wa Amerika ya Kaskazini aliyefika Ufaransa katika miaka ya 1860 na kuharibu mashamba mengi ya Ulaya. Suluhisho lilikuwa kubebesha mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya mizabibu ya Amerika yenye ustahimilivu. Kwa sababu hiyo nchi nyingi hudhibiti uingizaji wa vipandikizi, na si vema kuvibeba kutoka nje bila kibali.

### Majani kubadilika rangi

- Manjano kati ya mishipa ya majani ya chini: mara nyingi upungufu wa magnesi.
- Manjano ya majani machanga ya juu: upungufu wa chuma, hasa kwenye udongo wa chokaa.
- Kingo kuungua: upungufu wa potasi, au chumvi katika maji ya kisima.
- Majani kujikunja kama kipepeo cha mkono na kuwa na mishipa iliyobanana: mara nyingi dawa ya magugu ya 2,4-D iliyopeperushwa na upepo kutoka shamba la jirani. Mzabibu ni mwepesi sana kudhurika kwayo.

### Ndege, nyigu na popo

Kuzumburu, shore na ndege wengine huanza kudonoa punje zinapopata sukari. Nyigu na nyuki hufuata penye majeraha. Kinga bora ni wavu juu ya kichanja, au mfuko wa karatasi au kitambaa chepesi juu ya kila kichala mara punje zinapofikia ukubwa wa njegere. Mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa huozesha matunda.

## Usalama wa dawa

Hata salfa na mrututu ni dawa zenye madhara. Mpigaji avae glovu, barakoa na nguo ndefu, asimame upande upepo unakotoka, na afuate maelezo ya kibandiko, hasa idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Jambo hili ni muhimu zaidi nyumbani, ambako watoto huchuma na kula papohapo. Vyombo vya dawa visitumike kwa maji ya kunywa.

## Kuvuna na matumizi

Zabibu haiendelei kuiva baada ya kuchumwa, tofauti na embe au ndizi. Rangi peke yake haitoshi kuwa alama, kwa sababu punje hubadilika rangi wiki kadhaa kabla ya kukolea utamu. Huonjwa punje za ncha ya kichala, ambazo huchelewa kuiva. Zikiwa tamu, kichala chote kimeiva. Mbegu za zabibu iliyoiva huwa za kahawia.

Vichala hukatwa kwa mkasi asubuhi, umande ukishakauka, na kushikwa kwa kikonyo. Haviwi na haja ya kuoshwa hadi wakati wa kula, maana maji huharakisha kuoza.

Mbali na kuliwa mbichi, zabibu hutengenezwa juisi, jemu, siki na divai. Zabibu kavu hupatikana kwa kuanika juani kwenye wavu ulioinuliwa na kufunikwa. Takriban kilo 4 za zabibu mbichi hutoa kilo 1 ya zabibu kavu. Majani machanga yasiyopigwa dawa hupikwa katika nchi za Mashariki ya Kati kwa kufungia wali na nyama. Mbwa wasipewe zabibu mbichi wala kavu, kwa kuwa zinaweza kuwaharibu figo.

Baada ya mavuno vichala vilivyokauka na punje zilizoanguka huokotwa na kuzikwa, maji hupunguzwa, na mzabibu huachwa upumzike hadi kupogoa kunakofuata.